Jina Moja, Kifua Kimoja

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Waliokuwa Nairobi wakati ule hawahitaji nitaje tarehe. Mvua ilikataa, mahindi yetu meupe yakaisha madukani, tukaletewa ya njano kutoka ng'ambo, na ukipika ugali wake nyumba nzima inanuka kama gunia lililolowa. Watu walisema hicho ni chakula cha ng'ombe wa wazungu. Mimi nilisema basi ng'ombe wa wazungu wana subira. Kwetu Ukambani njaa ile waliipa jina la "nakufa nimeshika," maana pesa unazo mkononi na duka ni tupu. Tuliula ugali ule kwa sukuma wiki, tukaula kwa chumvi, na siku nyingine tulikaa tukautazama tu.

Nasema hivyo kwa sababu nilipoanza kukonda hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alikuwa amekonda. Nilikohoa, wakasema ni vumbi. Nikatoka jasho usiku mpaka shuka likakamulika, wakasema ni uzee. Halafu bangili yangu ya shaba, ambayo tangu niolewe haikuwahi kupita kiganja, ikaanguka yenyewe ndani ya karai nikiosha sufuria. Niliiokota nikaitazama. Nikajiuliza, mimi ninaenda wapi? Nyama ya mtu haipotei bure. Lazima kuna anayeila.

Kusoma kwangu ni kwa ngumbaru tu, lile darasa la watu wazima, kwa hiyo usitafute maneno ya daktari hapa. Nawaandikia nyinyi mlioambiwa kwa sauti ya chini kwamba mna kifua kikuu, mkafika nyumbani mkakuta kikombe chenu kimetengwa. Hapo mlipokaa nimekaa. Sasa niko mlangoni pangu, jua liko mgongoni, nasuka kiondo, kikapu chetu cha katani. Kati ya hapo na hapa kuna barabara, na hiyo ndiyo nitakayoisimulia.

Nilikuwa nakaa Kibera, Laini Saba, katika chumba kimoja, nasuka vyondo na kuviuza. Siku nilipotema damu nilijipeleka mwenyewe kliniki ya palepale Kibera. Nilipewa kikopo nitemee, nikatema. Nikaletewa picha ya kifua changu. Nilikuwa sijawahi kujiona kwa ndani. Mbavu zilipangwa kama ngazi, na upande wa kushoto juu palikuwa na kitu cheupe.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza sista.

"Huo ndio ugonjwa, mama."

"Unafanana na wingu."

"Ndiyo, ni kama wingu."

"Sasa litanyesha ama litapita?"

Sista alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono baridi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alicheka, akafunika mdomo, kisha akanieleza bila kuficha. Sindano kila siku isipokuwa Jumapili, miezi miwili. Halafu vidonge, mwaka mzima. "Ukiacha katikati," akasema, "usirudi kuniuliza juu ya mawingu."

Mwanangu Musyoka alipopata habari alikuja siku hiyohiyo akabeba godoro langu na jiko langu, akanipeleka kwake Gatina, kule Kawangware. Musyoka ni dereva wa lori la mawe, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alifanya vizuri. Lakini kadi yangu ilibaki Kibera, na kila asubuhi ilibidi niifuate sindano yangu kule.

Nilipanda gari mara moja tu. Nilikohoa. Mama aliyekaa karibu nami akamvuta mtoto wake, wa nyuma yangu akafungua dirisha, na makanga akasema kwa adabu kabisa, "Mathe, si ushukie tu hapa?" Nikashuka. Sikulia. Nilisimama kando ya barabara nikistaajabu jinsi kikohozi kimoja kinavyoweza kupata nafasi ndani ya gari lililojaa.

Kesho yake Musyoka alikuja na habari kwamba rafiki yake mwenye pikapu atanipeleka na kunirudisha.

"Sipandi gari," nikamwambia. "Nitafika kwa miguu yangu."

"Mwaitu, utafikaje? Huna hata pumzi ya kuzima mshumaa."

"Basi usiniletee mshumaa."

Hapo ndipo sauti ikasema kutoka nyuma ya pazia, "Mimi nitaenda naye."

Huyo alikuwa Ndunge, mjukuu wangu. Mimi pia ni Ndunge. Kwetu binti wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako, na akishapewa, yeye ni wewe. Si kwa mchezo. Musyoka humwita binti yake "mwaitu," yaani mama yangu, vilevile anavyoniita mimi. Hajawahi kumchapa tangu azaliwe, maana nani atamchapa mama yake? Hata akitaka kumkemea hutazama ukuta. Ili tusichanganywe, watu humwita Ndunge Kanini, yaani mdogo, ingawa ananipita kwa kichwa kizima. Mimi yeye huniita Susu, yaani nyanya.

Kanini alikuwa amemaliza shule na hakuwa na kazi, ila alikuwa na mbio. Alikimbia tangu darasa la tatu. Alikuwa na kocha, mwalimu mstaafu mwenye filimbi, ambaye alimwambia kwamba miguu yake haifai kwa mbio fupi, inafaa kwa zile zisizoisha. Alitaka kukimbia marathoni, ile nzima. Mimi jambo hili lilinisumbua kwa muda mrefu, si kwa ubaya. Nilitaka tu kujua.

"Unamkimbia nani?" nilimuuliza tukiwa njiani asubuhi ya kwanza.

"Simkimbii mtu, Susu."

"Basi unakimbilia nini?"

"Kilomita arobaini na mbili."

"Na huko mwisho kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna kamba tu, unaikata kwa kifua."

"Kamba ninasokota mimi kila siku. Njoo nyumbani ukate."

Alicheka mpaka akainama. Kisha akanieleza kwamba kocha amesema kwanza akimbie nusu. Nusu si ya kushindana. Ni ya kuuliza miguu kama itakubali nzima. Hilo nililielewa. Hata dukani hununui mkate mzima kwa mtu usiyemjua, unaanza na nusu.

Barabara yetu ilitoka Gatina, ikapita stendi ya matatu tunayoiita 56, ikapanda hadi Dagoretti Corner, ikashuka kuelekea Kibera. Mtu mwenye afya huitembea huku akipiga soga. Mimi nilikuwa naitembea kama anayehamisha nyumba. Hatua chache, nasimama. Nguzo moja ya stima, nasimama. Kanini hawezi kutembea hivyo. Miguu yake ilimwasha. Kwa hiyo alikuwa anatoka mbio mpaka kwenye kona, anarudi. Anatoka tena, anarudi. Kama mbwa anayemtoa bwana wake matembezi. Mimi nikifika kliniki nimeenda mara moja, yeye amekwenda mara tatu nne.

"Susu, uko fiti?" anauliza kila akirudi.

"Bado sijafa. Nenda."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupumua. Msicheke, hata nyinyi hamjui. Alisema pumzi ya mkimbiaji haivutwi, inatolewa. Ukitoa yote, mpya inaingia yenyewe bila kuitwa. Hatua mbili ingiza, hatua tatu toa. Nilijaribu, nikakohoa mpaka nikaona nyota. Nikajaribu tena. Baada ya wiki chache nilikuwa nafika nguzo mbili, tatu.

Kliniki ilikuwa na benchi refu lililopakwa rangi ya kijani, na katikati rangi ilikuwa imeondolewa na makalio ya watu. Ukifika unakaa mwisho. Wa mbele akiitwa, wote mnasogea. Hamsimami, mnateleza tu, kalio moja, kalio la pili. Asubuhi nzima mnasogea hivyo mpaka mlangoni. Aliyekuwa akisogea karibu nami siku nyingi alikuwa fundi viatu mmoja wa Laini Saba, mzee wa kejeli, ameishiwa meno ya mbele.

"Mama vyondo," aliniambia, "hili benchi likipata TB tutalidunga wapi?"

"Wewe ulidunge, una sindano ya viatu."

Sindano yenyewe ni chungu, sitawadanganya. Lakini uchungu si jambo. Jambo lililonishangaza ni kilichokuja baadaye. Midomo ilikuwa inawasha kote kuzunguka kinywa, kana kwamba sisimizi wametoka kunywa chai. Masikio yakaanza kulia, wiii, kama sufuria inayokaribia kuchemka na haichemki. Halafu ardhi ikaacha kutulia. Natembea, barabara inaenda upande mmoja, mimi naenda upande mwingine. Pale 56 vijana walinipigia mluzi. "Shosho, chang'aa ya leo imeshika!" Kanini alitaka kuwarukia. Nikamshika mkono. "Waache. Wangejua ni ya bure wangekuja kupanga foleni."

Nilimwambia sista habari ya ardhi. Hakucheka. Aliniangalia macho, akanisimamisha kwa mguu mmoja, akapunguza dawa kidogo. Nawaambia ili nanyi mseme. Sista haoni ndani ya kichwa chako.

Kilichonishikilia wima kilikuwa kiondo. Wanawake wa kwetu tunasuka tukitembea. Mama yangu alisuka akienda mtoni na mtungi mgongoni. Kitako cha kiondo unakining'iniza kifuani, nyuzi zinaning'inia kama ndevu, vidole vinafanya kazi, macho yako huru. Nilipoanza kuyumba nilichukua katani yangu nikaanza kiondo kipya. Nikagundua kwamba vidole vikiwa na kazi, miguu inasahau kuogopa. Mzunguko mmoja wa nyuzi, hatua zangu kadhaa. Kiondo hicho ninacho hadi leo. Chini kimebana vizuri. Juu kidogo kuna mahali kimelegea na kupinda, hapo ni mwezi wa pili wa sindano, vidole vilikuwa vinatetemeka. Kisha kinanyooka.

Nyumbani hakukuwa kwepesi. Mke wa mwanangu, Wanza, si mwanamke mbaya, ila ni mwoga wa magonjwa. Alinitengea kikombe cha bati cha buluu, akakifunga uzi kwenye kishikio chake ili mtu asikosee. Uzi wa katani. Aliuchukua kwenye kazi yangu mwenyewe. Kila nikinywa chai uzi ule unanigusa kidole. Nilikuwa naupima kila siku kwa macho, nione kama umechakaa.

Siku za kiangazi zikaisha, sindano zikaisha, mvua ikaja kama mtu aliyechelewa harusini, kwa fujo. Nilipewa vidonge, navyo nikaendelea kuvifuata kliniki kila asubuhi. Nilikuwa nimeanza kupata mashavu. Fundi viatu naye alikuwa amenenepa, na siku moja hakuja. Wiki iliyofuata nilimkuta Laini Saba, mlangoni pake, anagonga soli.

"Mbona huji?"

"Mama vyondo, nitazame. Hii ni sura ya mgonjwa? Dawa ni ya wagonjwa."

Nilimbembeleza, nikamtukana, nikambembeleza tena. Hakuja. Mvua haijaisha wakaniambia amezikwa. Siku hiyo benchini nilifika mahali pake nikasogea, na kusogea kukawa rahisi, na urahisi huo ndio uliniuma. Ukiona umenenepa usiache vidonge. Nimeandika kitabu chote hiki, kama ni kitabu, kwa ajili ya neno hilo moja.

Sasa nije kwa Musyoka. Kwa muda huo wote alidhani binti yake ananisindikiza tu. Alikuwa amemkataza kukimbia tangu siku niliyotema damu. Aliamini, na si yeye peke yake, kwamba jina moja ni kifua kimoja. Ugonjwa ukishaingia kwa Ndunge mmoja unamtafuta mwingine, na mtu anayehema hovyo barabarani anaufungulia mlango. Nilimpeleka Kanini akatema kwenye kikopo, akakutwa msafi. Musyoka alisema kikopo hakijui majina.

Jioni moja alirudi nyumbani hajavua hata koti. Mtu wa 56 alikuwa amempa pongezi.

"Ameniambia ati binti yangu anamkimbia nyanya yake kila asubuhi, halafu anamwonea huruma anarudi!" Aligeukia ukuta, kama kawaida yake. "Mwaitu, si nilikukataza?"

"Mimi ulinikataza lini?" nikajibu kutoka kitandani.

"Si wewe, mwaitu. Yeye."

"Yeye ni nani?"

Wanza aliacha kukuna nazi. Kanini alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono nyuma, mashavu yamemwingia ndani kwa mbio na kwa ugali wa njano. Nilimwona kama baba yake anavyomwona, nikaelewa hofu yake. Alikuwa anatazama mifupa ya mama yake mara mbili.

"Baba," akasema Kanini, "nusu ni baada ya mvua. Kocha anasema nikimaliza vizuri atanipeleka kwenye ile nzima mwakani. Niruhusu nusu tu."

"Na ukianguka njiani ukitema damu? Watasema Musyoka aliwazika mama zake wawili kwa mwaka mmoja."

Hapo sauti yake ilivunjika, na mtu mzima wa mabega mapana akageuza uso. Nikaketi.

"Musyoka. Wewe ndiye unayesema jina moja, kifua kimoja. Nimekubali. Basi anayekuomba ruhusa si mtoto. Ni mama yako anakuomba. Unamkatalia mama yako usoni?"

Najua nilimbana mahali pabaya. Mkamba anaweza kumkatalia chifu, anaweza kumkatalia padre. Alihema. Akatafuta mlango wa kutokea, akaupata.

"Kama ni wewe unayetaka kukimbia, mwaitu, basi kimbia! Nendeni wote wawili. Mkifika wote wawili kwa miguu yenu, nitamruhusu hiyo ndefu. Mmoja akishindwa, mbio zimekwisha ndani ya nyumba hii."

Alidhani amefunga mlango. Nilimwuliza, "Ni kilomita ngapi hiyo nusu?"

"Ishirini na moja, Susu," Kanini akanong'ona. "Na kidogo."

"Hicho kidogo ni kiasi gani?" Maana kwa safari ya mbali, kidogo ndicho kinachoua.

Sista nilimwuliza pia. Aliangalia picha yangu mpya. Wingu lilikuwa limebaki kama ukucha. Akasema, "Unatembea kwenda na kurudi kila mara, mama. Kutembea hakutakuua. Ila usikimbie, na ukichoka ukae."

"Kukaa najua. Umenifundisha kwenye benchi."

Akaniambia na jambo jingine, kwamba siambukizi mtu tena, tangu zamani. Nilimweleza Wanza nilipofika. Asubuhi moja niliamka nikakuta kikombe cha buluu hakipo mahali pake. Nilikitafuta kwa macho. Alikuwa nacho yeye, amekaa mlangoni, anakinywea chai, uzi ameukata. Nilikwenda chooni nikalia huko, maana huko nako kuna faragha yake.

Mbio ziliangukia wakati mahindi meupe yameanza kurudi. Asubuhi ile Wanza aliamka akapika ugali mweupe, tukaula kwa maziwa ambayo mama mwenye ploti tuliyopanga alituletea bila kuombwa. Nilivaa leso mbili na akala zangu, zile ndala za mpira wa gari. Nikachukua katani. Uwanjani, ukingoni mwa Kibera, kijana mmoja alinibandika namba kifuani kwa pini, palepale juu kushoto palipokuwa na wingu.

"Mathe, hii si maandamano," akasema. "Na soko liko upande ule."

"Bandika vizuri isianguke."

Filimbi ililia wakaondoka wote kama kuku waliomwagiwa maji. Niliona nyayo za Kanini, kisha sikuziona. Barabara ikawa yangu.

Sasa mtu akiniuliza ilikuwaje, namwambia ilikuwa safari ya kliniki isiyo na sindano mwishoni. Niliijua, maana mbio zilipita barabara yetu ileile hadi mbele ya Gatina, zikarudi Kibera. Nilizijua nguzo za stima zile moja moja, hii nilikohoa hapa, hii nilikaa. Nilisuka. Hatua mbili ingiza, hatua tatu toa. Pale 56 walinitambua. Wale vijana wa mluzi walikuwa wamesimama juu ya makreti ya soda.

"Shosho! Wenzako wameshafika Mombasa!"

"Waambieni waniwekee samaki!"

Walicheka, halafu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na makofi yao yakanisindikiza mpaka yakaisha. Sijui kwa nini hilo lilinitia nguvu. Ni watoto walewale.

Kilima cha Dagoretti Corner, kwenye kurudi, ndicho kilichonikamata. Magoti yalikuwa yameshachoka kunisikiliza. Katikati ya kilima kikohozi kikaja. Kile cha zamani, kinachoanzia kwenye nyayo. Niliacha kiondo kikaning'inia, nikashika nguzo, nikakohoa. Nilitema kwenye majani.

Anayeujua ugonjwa huu anajua nilifanya nini kisha. Tunaangalia. Mtu mwenye afya akitema anaenda zake, sisi tunainama tunaangalia. Niliogopa kuinama. Nilikaa nimeshika nguzo, nikatazama mawingu ya kweli juu. Kisha ile tamaa yangu ya kutaka kujua, ambayo imenitia matatani tangu utotoni, ikanishinda. Nikainama.

Nyeupe. Nyeupe kama povu la sabuni.

Nilikaa juu ya jiwe nikacheka peke yangu. Mama aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia, "Njoo uone nimetema nini!" Hakuja.

Niliinuka, na nilipofika juu ya kilima nilisikia lori nyuma yangu. Kila mbio huwa na gari la kuokota walioshindwa, na lililokodiwa siku hiyo lilikuwa lori la mawe la tajiri wa Musyoka. Dereva unamjua. Nyuma walikaa wanaume sita au saba wamejifunika magunia, vichwa chini, mmoja kavua kiatu anakitazama kama kimemsaliti. Lori lilikuwa linanifuata polepole, kama ng'ombe anayefuata mwenye chumvi.

"Mwaitu."

Sikugeuka.

"Mwaitu, watu wote wameshapita. Nyuma yako ni mimi tu."

"Basi mimi si wa mwisho. Wa mwisho ni wewe."

Wale wa magunia wakacheka. Na mbele, kwenye kona, nikaona mtu anakuja mbio kinyume cha njia yote, anarudi. Miguu mirefu, namba kifuani, chumvi ya jasho usoni. Kanini. Alikuwa amefika zamani, amekunywa maji, kocha amemwambia alale chali apumzishe miguu, naye akatoroka akanifuata. Kama asubuhi zile zote, alikwenda kwenye kona akarudi.

"Susu, uko fiti?"

"Umefika?"

"Nimefika. Sikuchoka hata. Kocha amekasirika, anasema nilikuwa nacheka njiani." Alinichungulia usoni. "Ulikohoa?"

"Nyeupe," nikamwambia.

Alinielewa. Alifunika macho kwa viganja, akakaa hivyo kidogo, kisha akaanza kutembea kando yangu, hatua yake ameikata ikawa fupi kama yangu.

Musyoka alikuwa ameona na kusikia. Lori lilisimama. Alishuka, akaacha mlango wazi, akaja mpaka mbele yetu. Kwa mara ya kwanza hakutafuta ukuta. Alimtazama binti yake usoni, kisha mimi, kisha yeye tena, kama anayelinganisha.

"Nimekubali," akasema. "Mbele ya watu hawa nimekubali. Ataenda hiyo ndefu, na mimi mwenyewe nitambebea maji. Maneno yangu ya ukifika usifike nimeyafuta. Mwaitu, tafadhali. Uwanjani wanakunja viti. Kamba yenyewe wameshaifungua. Huko unakokwenda hakuna tena pa kufika. Panda gari."

Nilitazama lori. Mlango ulikuwa wazi, kiti kina mto, Wanza alikuwa ameuweka asubuhi, nilijua ni wake. Nilitazama barabara. Ilikuwa inashuka kuelekea Kibera, imetulia kabisa, haiyumbi upande wowote. Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo, na mpya ikaingia yenyewe. Nikaokota uzi nilipouachia.

"Sipandi gari," nikamwambia. "Nitafika kwa miguu yangu."